Wekeni majira ya maji kujaa na kupwa, ile picha ya minazi haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama ni ndefu kateni mnapotaka ila ombi langu la mwisho msilikate maana ndo lililonifanya nikae chini niandike. Ni kuhusu ile makala yenu ya Jumapili, yenye picha ya kitanda cha kamba kimefungwa kati ya minazi miwili na mguu wa mtu unaning'inia, mkasema mtu wa mjini akizidiwa na stresi apande boti aende kisiwani akae kimya aangalie bahari, nafsi itatulia yenyewe. Nimeisoma ndani ya kivuko cha Magogoni nimebanwa kati ya bodaboda na mama mwenye beseni la dagaa, na gazeti lenyewe (mnisamehe) lilikuwa la abiria wa mbele yangu, nikacheka kwa sauti mpaka yule mama akaniuliza dada vipi, kuna heri?

Sikucheka kwa dharau. Nimecheka kwa sababu ule mguu ni mimi, miezi kumi nzima nilikuwa mimi.

Kwa kifupi: nilifanya kazi miaka 14 kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa mjini, zile kazi za kutoa makontena bandarini, karatasi, simu, tajiri anapiga mzigo wangu uko wapi, askari wa geti anasema karatasi imekosewa, unarudi unaanza upya. Mwaka 2022 ofisi ikapunguza watu na mi nikawemo, na mwaka huohuo mama akafariki. Usingizi ukanihama. Nalala saa sita nashtuka saa nane nimekaa kitandani nimeshika simu kama naipigia kontena. Hospitali wakapima presha, sukari, malaria, kila kitu safi, daktari akaniambia mama huumwi, kapumzike. Mjomba naye akasema kapumzishe akili. Basi kila mtu ananiambia nipumzike na hakuna anayeniambia kupumzika kwenyewe kunafanywaje. Nikachukua ile hela ya kuachishwa kazi, nikamwachia mdogo wangu funguo za chumba Tandika, nikapanda boti.

Nilianzia Unguja, upande wa Paje. Ni pazuri, sibishi, ule mchanga unaweza kudhani umepepetwa. Asubuhi wageni wanafanya yoga, mchana wanaruka na yale matiara makubwa ya kuvutwa na upepo, jioni mziki. Mi nikanunua kofia, nikakaa. Siku ya kwanza nimekaa, ya pili nimekaa, ya tatu askari wa hoteli moja akanitoa kwenye kiti, eti cha wageni, nikamwambia na mi mgeni, akasema hapana mama, wageni wenyewe. Nikahamia kwenye gogo.

Pale kwenye gogo ndo nikawa naangalia wale akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande ule, Paje na Jambiani, mwaka 1989, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa kiuzi wanachokiita taitai, kamba imevutwa kati ya vigingi viwili, mtu ameinama maji ya magoti, jua la utosi. Zamani walikuwa wanapenda ile kotonii yenye bei ila bahari ilivyozidi joto kotonii ikawa inaoza kwenye kamba, wakabaki na spinosamu ambayo inavumilia lakini bei yake ya kukera. Siku ya tano au ya sita mmoja wao, mtu mzima, akapita na furushi lake kichwani akasimama.

"Mwanangu, kila siku nakuona hapo. Unamngoja nani?"

Nikamwambia simngoji mtu bibi, napumzika.

Akaniangalia weee. "Haya, basi njoo unishikie kamba huku unapumzika."

Nilimshikia kamba mpaka maji yalipotufika kiunoni, tukatoka. Usiku ule nililala mpaka alfajiri. Sasa angalieni ujinga wangu, nilidhani ni jua limenichosha, kesho yake sikurudi kwa yule bibi, nikaenda kununua mafuta ya nazi ya kujipaka maana niliona mtandaoni yanaleta usingizi.

Baada ya hapo nikawa natangatanga, sina neno lingine. Tumbatu siku mbili. Nikapanda boti ya Pemba, na tulipofika mkondo wa Nungwi, pale ambapo Septemba 2011 meli ilizama usiku ikielekea hukohuko Pemba, watu wazima wote ndani ya boti wakanyamaza, kuna mzee alikuwa anavuta tasbihi kidole kinatetemeka. Huo ndo ukimya wa bahari ambao makala yenu haikuugusa. Pemba nikakaa Chake, nikaenda Kojani, halafu nikachukua mashua kutoka Wesha mpaka Misali. Kisiwa cha Misali wazee wana kisa chake, kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala, yaani mkeka wa kusalia, asali, msala haukupatikana, akasema basi kisiwa chenyewe kiwe msala wangu, maana kimeelekea kibla. Kisa kizuri sana kile. Nikasali rakaa mbili pale mchangani, nikalia kilio ambacho sikulia hata msibani kwa mama, nikasema leo nimepona. Jioni nimerudi Wesha, kabla sijafika kitandani nishaanza kupiga hesabu hela imebaki ngapi na siku zimebaki ngapi.

Na hapo niseme kitu wenzangu wa bandarini watanielewa. Kontena likishashushwa linapewa siku za bure, zikiisha linaanza kuchajiwa, kila siku linachajiwa na liko palepale halina habari. Nililala kule Chake nikajiona mi ndo kontena. Siku za bure zishaisha, chaji zinapanda, na hakuna wakala anayekuja kunitoa.

Basi nikarudi Dar nikalala wiki mbili kwa mdogo wangu, na Novemba 2023 nikaondoka tena, safari hii Mafia, sababu kubwa ni nauli, nawaambia ukweli. Unapandia basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, pale boti inatoka taratibu katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, maji ya rangi ya chai ya maziwa, halafu ghafla mikoko inaisha na bahari inaanza, unavuka mpaka Kilindoni. Kilindoni msimu ule kuna wageni wanakuja kuogelea na papa potwe, mi sikuogelea naye, nilimuona mgongo tu, mkubwa kama basi la mwendokasi lililoishiwa nguvu. Nikaenda Utende, nikavushwa na ngalawa mpaka Chole, kakisiwa kadogo ambako unatembea unakamaliza kabla chai haijapoa, kana magofu ya zamani na popo wakubwa wale wanaokula matunda, wananing'inia mtini mchana kutwa wanagombana.

Nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Nimemwamkia shikamoo, marahaba, hata begi sijaweka chini: umekuja na nani, mumeo yuko wapi, mama yako yuko wapi, una kazi gani. Nikajibu yote, la mume nikalijibu nusu. Akaniuliza la mwisho.

"Kesho bamvua. Utakwenda pwani au utabaki na popo?"

Nikaona aibu kubaki na popo.

Sasa hapa mnivumilie. Bahari yetu hii inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, hilo kila mtu analijua, ila sisi wa mjini tunaishia hapo. Kila siku majira yanasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana yanakauka sana, mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, bahari inajaa kivivu inatoka kivivu, mwamba hauonekani vizuri. Na upande wetu huu wa pwani bamvua ina saa zake, maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakauka kwenye saa nne saa tano asubuhi, haibadiliki hiyo, ilikuwa hivyo kwa babu yake bibi na itakuwa hivyo. Kwa hiyo wiki ya bamvua wanawake wa pweza wanatoka nyumbani saa mbili unusu, tatu hivi, wanayafuata maji yanavyotoka, wanapata kama saa mbili tatu za mwamba mkavu, halafu maji yanageuka. Wiki ya maji mafu wanasuka ukili, wanaenda shamba, wanaozesha watoto.

Asubuhi ile akanipa raba za marehemu mumewe, kubwa, tukazifunga na kamba ya nailoni. Ndoo, kisu, na mchokoo wa chuma wenye ncha imepinda kidogo. Tukatembea juu ya mwamba mwendo wa nusu saa, yeye mbele, miaka yake sabini na kitu anaruka jiwe kwa jiwe, mi nyuma nimeng'ang'ania hewa. Pweza hakai ovyo. Anakaa kwenye shimo, na mlangoni kwake anaacha uchafu wake, maganda ya kaa, maganda ya chaza yaliyosafishwa yakang'aa, kama mtu anayekula karanga akatupia maganda barazani. Bibi alikuwa haangalii mashimo, anaangalia maganda. Anasimama, anainama, anaingiza mchokoo taratibu kama anamkuna mtu mgongo, anasubiri, pweza mwenyewe anaushika, hapo ndo anavutwa. Kichwa anakigeuza nje ndani kwa kidole kimoja, kwisha, ndooni. Siku ile alipata wanne. Mi nilichokoa mashimo, naapa, si chini ya thelathini, nikapata kaa mmoja aliyeniuma.

Na nilipoona dalili ya maganda kweli, yangu mwenyewe, ya kwanza, nimeshaingiza chuma na nasikia kitu kimekishika kule ndani, bibi akasema geuka. Nikamwambia dakika tano tu bibi. Hata hakugeuza shingo.

"Mwanangu, bahari haina dakika tano."

Tukarudi. Nilinuna njia nzima. Na nyuma yetu pale tulipokuwa tumesimama maji yalishakuwa ya paja.

Mhariri, miaka 14 nimeishi kwenye kazi ambayo kila kitu kilikuwa dakika tano. Bosi nipe dakika tano, ofisa nipe dakika tano, mama nakupigia baada ya dakika tano, na mama yangu alikufa nikiwa sijampigia. Sikuwahi kukutana na kitu ambacho hakibembelezeki. Bahari huwezi kuipigia simu, huwezi kuipa soda, huwezi kuifokea wala kuiomba msamaha, inageuka saa yake. Na mtu mwingine atasema hiyo inatisha, kwangu ilinishika. Nilikuwa nimeelea muda mrefu mno kwa kufuata kichwa changu, na kichwa changu ndicho kilichokuwa kinaumwa, sasa unampaje mgonjwa usukani? Kule nikapata ratiba ambayo sikuitunga mimi. Kesho maji yanakauka saa tano kasoro, basi nalala mapema, sio kwamba nimetulia, kwa sababu kesho kuna mwamba. Mwezi wa pili nikawa najua maji yako wapi bila kutoka nje, kwa sauti tu. Usingizi ulirudi lini siwezi kuwaambia, nilikuja kustuka tu siku moja kwamba sijashtuka usiku siku nyingi.

Halafu kitu cha pili, na hiki kinakera, kisiwani huwezi kupotea. Mmeandika mtu aende akawe peke yake. Wapi! Nilikohoa usiku mmoja, asubuhi mwanamke wa upande wa pili wa kisiwa ananiuliza kifua kinaendeleaje, kaambiwa na nani sijui. Nikichelewa kutoka chumbani bibi anagonga, umekufa? Nikinunua samaki mkubwa inajulikana, nikinunua mdogo inajulikana na sababu inajadiliwa. Kuna siku nilitamani Kariakoo mpaka machozi, watu elfu wanakupita hakuna anayekujua. Ila nilipougua kweli, homa ya siku nne, sikuwahi kuwasha moto, uji ulikuja kutoka nyumba ambazo hata majina yao nilikuwa nayachanganya. Kwa hiyo kero na uji vinatoka jiko moja, ukikataa kimoja usitegemee kingine.

Nilikaa pale nikizunguka visiwa vya jirani kwa mashua za watu. Juani, kwenye magofu ya Kua, mji mzima wa mawe ambao Wasakalava walikuja kuupiga vita kutoka Bukini, yaani Madagaska, karne ya 19 wakaumaliza, sasa mibuyu imekaa sebuleni kwa watu. Jibondo, mafundi wa kuunda mashua, kisiwa cha mawe matupu ambako maji matamu ni shida na ndoo ya maji niliiona ikisafirishwa kama abiria. Jibondo waliwahi kukubaliana wenyewe kufunga sehemu ya mwamba wao miezi kadhaa pweza akue, hakuna kuchokoa, na siku ya kufungua kijiji kizima kinashuka. Nilipoambiwa hivyo nikamuuliza mama mmoja mnavumiliaje na njaa iko nyumbani, akasema tunavumilia kwa kuchungana. Nikampenda kwa ukweli wake.

Mei 2024 kikaja kile kimbunga, Hidaya. Redio ilikuwa imeshatangaza, vyombo vyote vikazuiwa kutoka, wanaume wakaingiza mashua kwenye mikoko wakazifunga huku na huku. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 tuko ndani, mi na bibi na wajukuu watatu, tumefunga bati kwa kamba na nyavu kuukuu na ncha ya kamba moja imepita dirishani, tunaishika kwa zamu. Sitadanganya kwamba nilikuwa na amani, niliogopa mpaka meno. Lakini mikono ilikuwa na kazi. Minazi inalia nje, kitu kikaanguka kikubwa, watoto wakapiga kelele, na bibi katikati ya yote hayo anahesabu siku za mwezi kwa vidole, akafika alipofika akasema alhamdulillahi, limekuja maji mafu, lingekuja bamvua kesho mngenitafuta juu ya mnazi. Na kweli, mwezi ulikuwa bado siku nne uandame. Asubuhi miti ilikuwa chini, kuna nyumba Mafia zilipata hasara kubwa, yetu iliondoka bati mbili na choo. Tulipozitafuta zile bati tukazikuta kwa popo.

Msije mkadhani nawauzia visiwa na mimi. Kijana aliyekuwa ananivusha Utende alikuwa na ndoto moja tu, kuja Mbagala apate bodaboda. Kila safari ananiuliza Mbagala kukoje, chumba bei gani, wateja wapo usiku, ananiuliza kwa sauti ileile niliyokuwa nawauliza watu habari za bahari. Na nimeona mjamzito amekaa ufukweni na uchungu anasubiri maji yajae chombo kielee avuke. Nikikumbuka ule uso siwezi kuandika neno utulivu karibu na neno kisiwa bila mkono kusita. Mimi niliweza kuondoka siku niliyotaka, tofauti yangu na wao ilikuwa hiyo na ni kubwa.

Nikaondoka kweli, Agosti, hela imekwisha na mdogo wangu anaolewa. Bibi hakulia, alinipa pweza mkavu wawili akaniambia kule kwenu si nako kuna bahari?

Nilibaki na hilo swali. Jamani si kuna bahari! Sasa hivi nimehamia Kigamboni, naandika hesabu za wafanyabiashara wawili wa samaki pale soko la Feri, navuka kila siku. Maji yanayokauka Chole ndo hayahaya yanakauka hapa Ocean Road, muda karibu uleule. Bamvua ikifika saa nne asubuhi pita ufukwe wa Coco uangalie, mwamba wote uko nje, kuna watu wanaokota vitu, na magari yamesimama foleni yamefunga vioo. Kwenye kivuko utajua bila kuuliza, maji yakipwa ile njia ya kushukia inakuwa mlima, wasukuma mikokoteni wanatukana, yakijaa wanateleza wanaimba. Miaka 14 nilifanya kazi hatua chache kutoka kwenye maji haya nikijua ratiba ya meli zote, na kama ungeniuliza saa hizi yanajaa au yanapwa nisingekuwa na jibu.

Kwa hiyo anayetaka kwenda visiwa vya hapa karibu, Mbudya au Bongoyo, Jumamosi na aende, ale samaki wake, arudi, hakuna ubaya, na mwenye hela ya Paje na aende Paje. Ila wengi wanaosoma gazeti hili hata nauli ya Nyamisati inawasumbua, na nyie mmewaambia nafsi yao iko ng'ambo.

Ombi langu: ukurasa wa pili mna bei ya dola, mna majira ya swala, mna hali ya hewa. Ongezeni mistari minne. Leo maji yanajaa saa fulani na saa fulani, yanapwa saa fulani na saa fulani, na pembeni neno moja tu, bamvua au maji mafu. Majedwali yapo, haya mambo yanapigiwa hesabu mwaka mzima kabla, sio kazi ya kumtafuta mtabiri. Mvuvi wa Kunduchi itamsaidia, mzazi anayepeleka watoto kuogelea Coco atajua maji yanarudi saa ngapi kabla hayajamkuta mtoto kwenye shimo la mwamba, na kuna mtu mahali fulani Tandika amekaa kitandani saa nane ya usiku ameshika simu, huyo naye atakuwa na kitu cha kwenda kukiangalia asubuhi ambacho hakimsubiri.

Kama nafasi hamna, punguzeni ile picha ya minazi, mguu ule unaweza kukatwa.

Msomaji wenu (nitaanza kulinunua),
Kigamboni, Dar es Salaam